Ngege wa Tereza

Tereza wa Mugango alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio uliotufanya tumpende. Alikuwa na ngege wachache, samaki wa asili wa ziwa letu, katika bwawa nyuma ya shamba lake, mbegu ya zamani, ya kabla sangara hawajawamaliza wenzao ziwani. Sasa bwawa lilikuwa linakauka. Ngege wakihamishiwa pabaya, basi, ndio mwisho wao.

Prosper, bwana samaki, kijana mwenye adabu zake, alishachagua lambo moja Butiama lenye uzio na maji meupe. Tereza hakuyatazama maji. Aliingia jikoni kwa jirani, akasalimia, akauliza, "Hapa mnakulaga mboga gani?"

"Sato, mama. Wa hapo hapo lamboni."

Akatoka. "Prosper mwanangu, hapana. Sato watazaa na ngege wangu, mwisho tupate machotara tupu."

Prosper akakuna kichwa. Habari ya sato aliisoma chuoni. Ya kuuliza jikoni hakufundishwa. Tereza aliipata kwa shangazi yake, mkaguzi wa nyumba za wachumba, ambaye hakuangalia bati hata siku moja, aliangalia jikoni kunapikwa nini. Tena shangazi huyo hakuonja kitu ukweni mpaka binti aliyempeleka ajifungue.

Nyamuswa, lambo la mzee Mwikwabe lilikuwa limevurugwa na ng'ombe, maji ya kijani. Prosper aliona aibu kulionyesha. Tereza akachota kiganjani, akacheka. "Kijani hiki ndio ugali wao." Jikoni walikuwa wanakaanga dagaa wa kununua, lamboni hamkuwa na samaki. Wakawaleta ngege, wakawaachia humo.

Mwikwabe akaleta chai ya maziwa. Tereza akaikataa, bila kueleza. Mzee wa watu akanuna, na haki yake: kumkatalia mfugaji maziwa si jambo dogo. Tereza aliondoka roho ikimuuma.

Miezi mitatu ikapita kimya. Bwawa la Mugango likabaki nyufa. Ndipo Mwikwabe akapiga simu.

"Mama, njoo haraka! Samaki wako anakula watoto wake! Nimesogea ukingoni, akawameza wote!"

Tereza akakaa chini pale pale shambani, akalia kwa furaha. Ngege hali wanawe. Akiona hatari huwaficha mdomoni.

Mchana alishuka kwenye bodaboda Nyamuswa. Lamboni hakwenda kwanza. Alibisha hodi jikoni.

"Baba Mwikwabe, ile chai bado ipo?"