Kuna Mwanga kwa Bibi

Juzi nilikwenda Silver Spring kutafuta unga wa mchele na iliki, nikajikuta nimesimama mbele ya jengo tulilokaa nilipokuwa mdogo. Usinicheke, rafiki yangu, miguu ilinipeleka yenyewe. Matofali yamepakwa rangi ya kijivu, na ile harufu ya vitunguu vya watu wa kila nchi iliyokuwa ikikupokea kwenye ngazi haipo tena. Nilitaka kuingia. Nilipogusa kitasa nikaikumbuka miaka ile ya themanini, nikarudi zangu kwenye gari.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuja kutoka Pemba kutulea, kwa sababu mama alikuwa akihudumia wazee majumbani kwao na baba anaendesha teksi. Haukupita muda, na watoto wa majirani nao wakawa wanaletwa kwake. Wote alituamsha, akatulisha, akatusuka nywele tukiwa tumebanwa katikati ya magoti yake. Alipenda kupika vitumbua. Alfajiri watu wamelala, yeye yuko jikoni amewasha taa, chuma kinalia chwaa, ili kila mama anayekimbilia basi aondoke na viwili vya moto kwenye karatasi. Akiambiwa apumzike hujibu, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu ndilo hili karai."

Ghorofa ya juu alikaa mwanamke tuliyemwita Bi Mkubwa. Hakuwa mkubwa wa umri, alikuwa mkubwa wa mambo. Mgeni kutoka pwani akishuka kwenye ndege leo, kesho yuko kwake, anapewa koti, anatafutiwa kazi na pa kulala. Teksi ya baba ilikuwa mali ya mumewe. Maulidi kwake, harusi zinapangwa kwake, na ukimuudhi simu yako inanyamaza. Bibi peke yake ndiye hakumnyenyekea. Si kwa kiburi, alikuwa hajui tu kwamba inatakiwa.

Balaa lilianzia kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo. Mama alikuwepo, anakunja shuka, ndiye aliyenisimulia baadaye. Jirani yetu nesi, Mkenya wa bara, alikuwa ametoka kazini, akamwambia Bi Mkubwa kwa nia njema kabisa, "Huyo nyanya yenu halalangi? Kila nikitoka shift naona kuna mwanga kwake."

Nesi alisema hivyo akimsifu mzee kwa bidii. Lakini kwetu visiwani mwanga si nuru peke yake. Mwanga ni mtu, na wingi wake ni wanga. Ndiye yule anayetoka usiku wenzake wamelala, akacheza uchi makaburini na kuwakalia watu vifuani. Huko bara kwa nesi neno hilo halina mambo hayo. Laiti angesema "mwanga unawaka", hiyo u moja ingetosha kumwokoa bibi. Hakuisema. Bi Mkubwa alifunga mlango wa mashine taratibu, akapanda ngazi bila kungoja nguo zake, na mama, aliyelisikia neno kwa maana ile ile ya kisiwani, akaendelea kukunja shuka.

Jioni ile ile simu zikaanza. Kwa kuwa bibi ni Mpemba, na Wapemba wamesingiziwa uchawi tangu enzi na enzi, hakuna aliyetaka ushahidi zaidi, ila ushahidi nao ukaja kwa wingi. Ilikuwa kipindi cha barafu. Msimamizi wa jengo alimpa bibi ndoo ya chumvi amwage kwenye ngazi za nje tusiteleze. Chumvi ile akiimwaga msimamizi ilikuwa chumvi, akiimwaga bibi ikawa zindiko. Mtoto mmoja akapata homa, na jengo zima lilikuwa linakohoa, lakini homa hiyo moja ikapewa mwenyewe, bibi. Watoto wakaacha kuletwa, mmoja mmoja. Vitumbua vikabaki kwenye sahani mpaka vikawa vigumu.

Mimi nilikuwa nalala na bibi kitanda kimoja. Niliogopa, nakwambia kweli. Mchana nilimpenda kama kawaida, lakini taa ikizimwa mtu yule yule akawa mwingine. Nikimsikia anashuka kitandani, nasoma Kulhuwallahu mpaka ulimi unakauka. Asubuhi nilimtazama nyayo zake kama zina udongo. Hofu kubwa zaidi ilikuwa hii: uchawi husemwa unarithiwa, na mimi nina pua yake.

Jumapili moja baada ya adhuhuri tuliitwa kwa Bi Mkubwa. Sebule ilijaa wanawake, watoto tumeketishwa chini kwenye zulia, ubani unafuka hadi macho yanawasha. Bi Mkubwa akasema itasomwa halbadiri. Kama huijui, ni kisomo cha kumshitaki mbaya wako kwa Mungu. Mwenye kosa ataumbuka, na kikisomwa kwa uongo kinamrudia aliyekisomesha. Kisha akalainisha sauti.

"Bibi, sisi hatutaki kukuumbua. Kubali tu, tukuombee dua, yaishe. Usipokubali, mwanao atafute riziki kwingine na sisi tusijuane."

Bibi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. "Nikubali nini, mwanangu? Nikishakubali, huyu mjukuu wangu ataitwa nani? Someni. Mimi nipo."

Hapo msichana mmoja aliyekuwa ubavuni mwangu akapiga ukelele. "She's looking at me!" Mdogo wake akafuata, kisha mwingine akaanguka na kutupa miguu, na mama zao wakaanza kulia na kuita majina ya Mungu. Mimi nami ukelele ulikuwa tayari mdomoni, nikauma ushungi wangu kwa nguvu zote ili usitoke.

Katikati ya kelele hizo mlango ukafunguliwa. Alikuwa nesi, bado yumo ndani ya viatu vyake vyeupe, amesikia vilio akadhani mtoto ameungua. Alipoelezwa akashika kichwa.

"Mchawi? Mimi nimesema mchawi? Jameni, mimi nilisema mwanga, taa, stima! Light ya kitchen! Shosho anapika, si mnakulanga hizo vitumbua?"

Mama yangu akaangua kicheko cha kulia, nikajua tumepona. Bibi akamgeukia Bi Mkubwa, akasema kwa upole, "Basi soma, mwanangu. Mimi bado nipo."

Bi Mkubwa alikitazama chuo, kile kitabu cha halbadiri, kilichokuwa mbele yake. Aliwatazama wanawake aliowakusanya, na watoto walioanguka mbele ya macho yao. Akakifunga. "Hakuna haja ya kusoma. Watoto hawakulia bure."

Ikawa hivyo. Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kazi, chumba au ndugu wa kuletwa aliyepitia mkononi mwa Bi Mkubwa. Baba aliinamisha kichwa wiki nzima, halafu akaenda kutafuta tiketi ya kumrudisha bibi Pemba. Namwelewa, na bado sijamsamehe.

Vyote vimekwenda. Teksi haipo, Bi Mkubwa amefariki na tulimsomea hitima, niliolelewa nao wametawanyika hadi Manassas na Upper Marlboro. Yule msichana wa ukelele siku hizi ni mama wa watoto wanne. Nilimuuliza siku moja aliona nini. Alifikiri sana, kwa uaminifu. "Sikuona kitu. Bi Mkubwa alikuwa ananitazama mimi, nikadhani ananingoja."

Bibi nilimfuata nikiwa mkubwa, lakini nilimkuta ameshazikwa. Nilifika kijijini sijui nyumba yake, nikamuuliza mwanamke aliyekuwa akianika karafuu, nikamtajia jina la bibi na la babake. Hakulifahamu. Nikamwambia alipata kukaa Amerika.

"Aa, yule mwanga?" akasema, akanielekeza kwa kidole, bila ubaya wowote, kama anayemwelekeza mgeni msikitini. "Nyumba ya mwisho. Pita tu."