Bi Changanya na Ukurasa wa Kulia

Walimwita Bi Changanya, na jina hilo hakulipenda hata kidogo. Alifundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali iliyobanwa kati ya gereji na maghorofa, na kosa lake lilikuwa moja tu: kila dawati alimkalisha mtoto mwenyeji na mtoto wa waliohamia. Wazazi hawakumpa nafasi ya kupumua. Kila asubuhi huyu hataki mwanawe akae na yule, yule hataki akae na huyu, mpaka chaki inamkatikia mkononi kwa hasira.

Aliyemchosha kupita wote ni fundi simu, baba wa binti mmoja mwenye maneno mengi. Alikwenda kushtaki kwa mwalimu mkuu, naye mkuu ni bendera hufuata upepo.

"Wagawe, mwalimu. Wenyeji hapa, wageni kule stoo. Yaishe."

"Hayaishi hivyo, mkuu."

"Nimeshasema."

Akawagawa, roho ikimuuma. Darasa alilolipigania mwaka mzima likavunjwa kabla ya chai ya saa nne.

Kesho yake fundi huyo huyo akarudi na binti yake, yeye baba uso umemvimba kwa hasira. "Mwalimu, huyu hajui kusoma. Ukurasa wa kushoto anasoma, wa kulia ananyamaza. Mnawafundisha nini humu?"

Hapo Bi Changanya alijua kosa ni lake mwenyewe. Vitabu havikutosha, kwa hiyo kila dawati lilikuwa na kimoja, mmoja akisoma kushoto, mwenzake kulia. Kuwabadilisha pande hakukumbuka hata siku moja.

Akafungua kitabu, akaonyesha ukurasa wa kulia. "Soma huu, mwanangu."

"Huo si wangu. Ni wa mwenzangu."

"Soma tu."

"Atalia akijua nimemsomea."

"Basi nitasoma mimi," fundi akasema. Binti akaufunika ukurasa kwa viganja viwili.

Fundi akausoma ule wa kushoto, hadithi ya mbuzi aliyepotea, mpaka ulipoishia, akakuna kichwa. "Sasa huyu mbuzi kapatikana au hakupatikana?"

"Anajua mwenzangu, baba."

Fundi akatoka. Aliporudi kutoka stoo alikuwa amemshika mkono mtoto wa wageni aliyekuwa akikaa na binti yake, na mwalimu mkuu anamfuata nyuma.

"Nani kamruhusu huyu kurudi humu?" mkuu akauliza.

"Mimi," fundi akasema, akivuta benchi. "Kaeni, wanangu. Someni."