Kishikio Alichotengenezewa Jirani

Wiki iliyopita kijana wa chuma chakavu alisimama getini kwangu, hapa Bunju, na mkokoteni wake. Nilimpa sufuria iliyotoboka na vyuma vya kitanda cha zamani. Akachungulia ndani, akaona kile chuma kinachozuia mlango wa jikoni usijibamize.

"Sista, na hicho nacho nipe basi, si umekitupa tu hapo?"

Nilimjibu kwa ukali mpaka mwenyewe nikashangaa. Aliondoka akinung'unika, nami nikakiokota kile chuma na kukaa nacho kwenye ngazi. Ngoja nikusimulie, maana siku hizi hakuna anayeniuliza.

Nilikulia Chang'ombe, katika vyumba viwili vya kupanga, mimi na baba na bibi mzaa baba. Baba alikuwa fundi wa kukereza: kazi yake ilikuwa kuzungusha chuma kwenye mashine na kukichonga mpaka kitoke shafti au bushi ya gari la mtu. Jirani yetu wa chumba cha tatu alikuwa fundi kwenye karakana hiyohiyo, na ndiye aliyemfundisha baba kazi alipofika mjini kutoka Masasi. Hakuwa na mke wala mtoto. Bibi alishaamua zamani kwamba huyo naye ni mwanawe, kwa hiyo sahani yake ilipakuliwa kwetu na ovaroli yake ilifuliwa kwetu.

Mfuaji nilikuwa mimi, kila Jumamosi. Usione kufua ovaroli ya mkerezaji ni mchezo. Vinyuzi vya chuma hujificha kwenye mishono, ukisugua vinakuingia chini ya kucha, na povu la sabuni linakuwa jeusi kama lami. Bibi alikaa pembeni akikaanga mihogo, na harufu ya mafuta ya mashine ilichanganyika na ya mihogo ile. Mpaka leo nikila muhogo wa kukaanga naisikia.

Katika kazi yao, walichokiogopa wote ni kukata. Kitu kikishachongwa lazima kitenganishwe na chuma kilichobaki kwenye mashine, basi kinaingizwa kisu chembamba taratibu huku chuma kinazunguka. Kisu kile kilifungwa kwenye kishikio kigumu. Kikikwama hakina pa kukimbilia: kinazidi kuzama, mwisho kinapasuka. Siku moja kilipasuka mbele ya jirani, na kipande kikamwingia jicho la kushoto. Miwani ya kazi ilikuwepo, imechubuka mpaka huoni kitu, inaning'inia msumarini.

Aliporudi hospitali na pamba usoni, bibi alilia waziwazi. Baba hakulia. Alikaa siku kadhaa bila kula vizuri, kisha akasema, "Lile jicho moja lililobaki halitoki. Namtengenezea kishikio kinachojua kurudi nyuma."

Alipata kipande cha springi ya lori bovu. Alikichoma kwenye jiko la bibi mpaka kikaiva chekundu, akakifukia kwenye majivu kipoe polepole, kikawa laini cha kukubali msumeno. Mwenye karakana hakupenda mtu achezee muda wa kazi, kwa hiyo mengi yalifanyika uani kwetu, kwa tupa ya kukwangulia chuma na msumeno wa mkono, na wali wetu ulinuka moshi wa chuma. Alikipasua ufa mrefu ili shingo yake iwe na ulaini wa kupinda kisu kikilemewa. Tulikiona kizuri. Alipokijaribu karakanani, kilipinda kweli, lakini kikajitumbukiza kwenye chuma vibaya kuliko kile kigumu, kisu kikakatika.

Alirudi amenyong'onyea. Jirani, na pamba yake usoni, alikigeuzageuza kwa vidole, akanyoosha mkono akachukua mwiko wa bibi.

"Tazama, braza. Bawaba, hapa kinapopindia, umeiweka chini. Kisu kikisukumwa chini, kinaangukia mbele, kwenye chuma." Akaushika mwiko kwa juu, ukaning'inia mshazari kuelekea chungu, kisha akaubonyeza ncha. Ncha ikashuka huku ikirudi nyuma. "Bawaba iwe juu. Kikilemewa, kinajitoa chenyewe."

"Na mwiko wangu urudi kwenye chungu," bibi akasema, tukacheka. Nafikiri ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka kwa jicho lile moja.

Cha pili baba alikitengeneza na shingo iliyopinda kwa juu kama ya bata, ufa umepita juu ya kisu. Alikichoma tena, akakizamisha kwenye oili chafu, akakipasha kidogo kisije kikawa cha kukatika. Siku ya kukijaribu nilikuwa nimepeleka chakula, nikasikia. Kisu cha kishikio kigumu kilikuwa kinalia mpaka meno yanakufa ganzi. Hiki kilinguruma tu, chini kwa chini, na kipande kikadondoka. Baba alikifuta kwa kitambaa na kumkabidhi jirani mbele ya mafundi wote.

Tungeishia hapo, ningekuwa nimempa yule kijana chuma chake. Mwezi haukuisha, mwenye karakana akamwachisha jirani kazi. Alisema hataki mtu mwenye jicho moja aje apofukie mikononi mwake. Jirani alipata kibarua Tegeta, akahamia hukohuko; karakana mpya, mashine ndogo. Akaenda na kishikio chake kwenye mfuko. Hakikuingia. Baba alikuwa amekipa shina nene, la kukaa kwenye ile mashine kubwa ya Chang'ombe.

Ilitakiwa kupunguzwa unene wa ukucha, basi. Lakini mafundi wale walikuwa na adabu yao: chombo alichokitengeneza fundi mwenzio kwa mkono wake hukigusi kwa tupa. Unamrudishia mwenyewe akirekebishe, la sivyo umemwambia kwamba kazi yake mbovu. Kwa hiyo jioni moja jirani alipiga hodi kwetu.

"Shikamoo mama. Braza yupo?"

"Marahaba mwanangu. Kaenda Masasi kumzika shangazi yake."

"Basi akirudi mwambie anipunguzie shina. Mie nitaendelea na kile kigumu cha kule kwanza."

Bibi alikifunga kwenye kipande cha kanga na kukiweka chini ya kitanda, mahali pa vitu vya thamani. Baba alichelewa, msiba ni msiba. Aliporudi, begi likiwa bado begani, bibi alimpa ule mzigo na ujumbe wake. Alichukua tupa hapohapo. Alikuwa hajapiga hata mara mbili mtu akaja kutoka Tegeta kutuambia kwamba kisu kimepasuka tena.

Jirani aliishi miaka mingi bila kuona, kwetu, akishikwa mkono na bibi, na baadaye na mimi. Wakati mwingine alikiomba kile kishikio, akapitisha kidole gumba kwenye ufa.

"Kazi safi hii, braza."

"Ungekata tu," baba alikuwa anamwambia. "Ungekata tu, nani angekuuliza?"

"Ningeanzaje, na ni kazi ya mkono wako?"

Baba alikuwa anatoka nje.

Wote watatu nimeshawazika. Karakana imekuwa ghala la vigae, na uani tulipochomea springi pamejengwa vyoo. Nimekaa na chuma hiki mapajani, nikipapasa pale tupa ilipogusa mara ya kwanza na kuachwa. Namkumbuka jirani na heshima yake. Na hapo barabarani kuna vijana wana grenda, wanakata chochote cha yeyote bila hodi. Mmoja wao angelipunguza shina hili kabla chai haijapoa, akaenda zake kazini, na jioni angerudi anaona njia ya kwao.