Chupa ya Nguvu na Sahani ya Mashendea

Mimi nilizaliwa na shaka. Mama yangu alikuwa akisema hata ziwa lake nililinusa kwanza ndipo nikanyonya. Kwa hivyo msinione mbaya nikisema kwamba yule dresa, mchoma sindano wa mitaani, nilimchukia tangu siku ya kwanza, alipoegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wetu pale Likoni akapiga hodi kwa sauti tamu. Sauti tamu namna ile huwa ina bei.

Alikuja kwa ajili ya mume wangu. Mume wangu alikuwa kuli bandarini, mtu wa mabega mapana, na tumbo lilikuwa limemgeuka. Si kule kuendesha kwa siku mbili tatu kukaisha. Lilikuwa tumbo la damu, linatulia, mtu anashukuru Mungu, kisha linarudi. Daktari wa hospitali kule ng'ambo ya kivuko alimpima akatuambia utumbo wenyewe una vidonda, na maradhi hayo hayang'oki, yanatunzwa kwa chakula. Pilipili hapana, mbaazi hapana, tui zito hapana, maziwa hapana. Nikamuuliza, basi ale nini? Akasema wali laini, samaki wa kuchemsha, ndizi mbivu zilizopikwa, tena kidogo kidogo. Huyo naye nilimtilia shaka. Lakini nilikwenda nyumbani nikajaribu, na kila asubuhi nikimuuliza mume wangu habari za choo bila haya. Damu ikapungua, kisha ikakatika. Hapo nikamwamini daktari, maana hakuwa na kitu cha kuniuzia.

Basi nikawa mpishi wa sufuria mbili. Moja ya kwangu na watoto, na moja ya mashendea, wali unaopikwa kwa maji mengi mpaka ukalegea, hauna kazi na meno. Mume wangu aliuchukia. Ladha angeizoea, kilichomuua ni aibu. Kwetu wanaume hula sinia moja. Mtu akijitenga na kisahani chake, hakuna atakayesema ni mgonjwa. Watasema anaogopa kulishwa kitu, anawashuku wenye nyumba kwa uchawi. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, tulikuwa naye ukuta kwa ukuta, na tangu utoto wao hawa wawili walikuwa wakila pamoja. Siku moja akasema mbele ya watu, "Mdogo wangu siku hizi anauogopa mkono wa mke wangu." Alisema huku anacheka, lakini hakuna aliyecheka naye. Tangu siku ile mume wangu akaacha kwenda, akawa anakula nyumbani ameelekea ukutani.

Dresa alilijua hilo. Sijui nani alimwambia, lakini alilijua. Aliwahi kufanya kazi hospitali moja, hivyo alivyosema, na sasa alikuwa akizunguka na mkoba wa sindano, chupa za maji meupe za kutundika, na chupa ndogo za dawa nyeusi ya kunywa. Akaketi barazani, akamvisha mume wangu kilemba cha ukoka, oh, mwili wa pahalawani huu, hauwezi kuachwa ukanyauka. "Hii, mzee wangu, ni chakula kilichokwisha kusagwa. Chupa moja ikiingia mshipani ni sawa na kuku mzima na wali wake. Tumbo halijui hata kama kuna kitu kimepita. Na hii nyeusi inajaza damu. Tumia hizi, halafu kula utakacho na wenzako."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikamuuliza ndani mna nini.

"Vitamini, mama."

"Na vitamini ni nini?"

"Ni nguvu."

"Na hiyo nguvu imetengenezwa kwa nini?"

Akacheka, akamwambia mume wangu kwamba ameoa wakili. Ile nyeusi niliionja alipoondoka. Ilikuwa tamu, ikanuka sukari guru na kutu.

Usiku tukagombana. Nilimwambia anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akaniambia, "Wewe unataka nile chakula cha mtoto mchanga mpaka niingie kaburini." Nilikasirika, lakini nilimwelewa. Hakuwa akitafuta nguvu. Alikuwa akilitafuta sinia la kaka yake, na dresa ndiye aliyempa ruhusa ya kulirudia.

Akalirudia. Akala mbaazi, akala samaki wa kupaka, akala achari. Chupa ikitundikwa msumarini, maji yakiingia tone tone, akiinuka anasema amepata uhai. Sina sababu ya kusema uwongo, siku zile za mwanzo uso wake ulichangamka, nami nikajiuliza kama huenda ni mimi niliyekosea. Mtu akinywa maji baada ya kiu hupata nafuu, na mshipa nao labda una kiu yake. Lakini nilikuwa nikitazama jinsi anavyofunga kikoi. Kila Ijumaa pindo lilizidi kuzunguka kiunoni. Kuku wote hao wazima walikuwa wakienda wapi?

Kisha nikamkuta uani anafua. Mume wangu, ambaye tangu tuoane hakuwahi kulowesha hata kitambaa cha mkono, amechutama anafua shuka. Maji ya beseni yalikuwa mekundu. Niliogopa, wallahi, maana nilikwisha kumwona alivyokuwa mara ya kwanza, na mara hii hakuwa na nyama ya kupunguza. Dresa alipoulizwa alisema ni uchafu wa zamani unatoka, chupa ziongezwe.

Ikaandama Ramadhani. Mume wangu akasema atafunga, kwa nguvu za chupa. Nikamwambia mgonjwa ameruhusiwa kula. Hakutaka kusikia. Wala hakuwa peke yake, kulikuwa na wanaume kadhaa mtaani waliopanga kuchomwa chupa hizo mchana ili waweze kubeba magunia na saumu zao. Maneno yakafika msikitini. Maalimu akawaambia baada ya sala ya alasiri kwamba dawa ni dawa, lakini kinachomlisha mtu ni chakula, na chakula kinabatilisha saumu hata kikipitia mkononi. Mume wangu alirudi nyumbani amenyong'onyea. Baiskeli ya dresa ikaanza kupita mitaani bila kusimamishwa na mtu.

Jioni moja shemeji aliandaa futari, wakaja majirani, na dresa naye akaja. Sisi wanawake tulikuwa ndani, mlango wazi, pazia limeshushwa. Nilikuwa na bakuli la mashendea limefunikwa kawa. Kila jioni nililipeleka, na kila jioni nilirudi nalo vile vile. Walipokwisha kufungua kwa tende na kusali, wakalizunguka sinia, na mmoja wao akauliza habari ya chupa na saumu.

Dresa akajifuta mdomo. "Maalimu hakufahamishwa vizuri," akasema. "Ile si chakula. Ni maji, na chumvi kidogo, na sukari kidogo. Wallahi haimlishi mtu hata kidogo. Chomweni, saumu zenu zi salama."

Mke wa shemeji alinishika nguo. Nikaivuta.

"Shikamooni," nikasema kutoka nyuma ya pazia. "Namuuliza dresa. Mwezi uliopita ulimwambia mume wangu chupa moja ni kuku mzima na wali wake. Leo unaapa haimlishi mtu. Mimi sikusoma, nataka kujua tu. Kuku yule amekwenda wapi?"

Dresa akaanza, "Mama, ulinifahamu vibaya," kisha akaona nyuso za wale wanaume, akajifuta mdomo tena. Nilichungulia pembeni mwa pazia. Mume wangu alikuwa na tonge mkononi, la wali na mchuzi wa pilipili. Akalitazama. Akalirudisha siniani, akajisogeza nyuma, akasema bila kuinua kichwa, "Mke wangu, niletee changu."

Nikatoka na bakuli, nikaliweka mbele yake mbele ya wanaume wote, nikarudi nyuma ya pazia. Aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Nami nilikuwa nikimtazama shemeji, nikisubiri lile neno lake la kuogopa mkono wa mtu, na nilikuwa tayari kumjibu.

Shemeji aliinuka. Akazunguka sinia, akaketi karibu na mdogo wake, magoti yao yakagusana. Akatia mkono katika bakuli, akachota, akala.

"Ndio unakula hiki?"

"Hiki."

"Kila siku?"

"Kila siku, kaka. Nikila kile natoka damu."

Nilimkazia macho shemeji nikitafuta hila usoni mwake, maana ndiyo kazi yangu. Sikuiona. Alichota tena. Kisha akamwita mkewe, akamwambia kesho apike mashendea, sinia zima.