Jino la Balbu Nililolipiga Tupa

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na mbili alfajiri nilipowasha gari nje ya nyumba yetu Kiembeni na kuanza kumkosea mama mkwe wangu. Saa naikumbuka kwa sababu kila safari ya gari huiandika katika daftari. Kosa sikuliandika. Naliandika hapa, na naomba jina langu lisitajwe, maana mtaani wananijua kuwa mtu makini.

Mama alikuwa ameshuka kutoka Kaloleni ili asafiri kwenda Nairobi. Kitinda mimba wake, shemeji yangu, alikuwa anahitimu chuo kikuu asubuhi hiyo, na ndiye aliyemlipia tiketi ya ndege. Ndege ilikuwa iondoke saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mama alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kikapu cha korosho za mwanawe alikifunga jioni ya kabla, akakiweka mlangoni, akalala na nguo za safari.

Jioni hiyohiyo nilikuwa nimebadilisha balbu za taa za mbele, kwa sababu za zamani zilikuwa zimefifia. Dukani nilimuuliza muuzaji maswali hadi akanivutia kiti. Nililinganisha volti, nikalinganisha wati, nikahakikisha umbo ni lile lile. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha Kahindi, fundi umeme wa magari mwenye kibanda pale kando, akasema atanitilia kwa shilingi mia tatu.

"Mia tatu kwa kazi ya dakika tano?" nikamuuliza.

"Kutia ni dakika tano. Kuzielekeza ndiyo kazi."

"Nitazielekeza mwenyewe."

"Haya, injinia," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nyumbani nilivaa glavu safi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba kioo cha balbu hakiguswi kwa kidole. Sasa, balbu ile ina meno matatu ya kuishikilia ndani ya taa, na jino moja ni pana kuliko mengine. Jino hilo pana lilikataa kuingia. Mtu mwingine angeigeuza balbu. Mimi niliamua kwamba kiwanda kimekosea. Nikachukua tupa, nikalipunguza lile jino hadi likaingia.

Balbu ya pili nayo, kiwanda kilikuwa kimekosea vilevile.

Jua lilikuwa bado halijatua. Niliwasha, zote mbili zikawaka, nikapiga alama ya sahihi kwenye daftari.

Basi alfajiri ile, hatujafika hata Bamburi, gari lililokuwa likija mbele yetu likanipigia taa mara mbili. La pili likanipigia. Kila dereva wa hapa Kenya anajua maana yake: anayetoka huko amewaona polisi, anakuonya. Na hapa lazima niungame jambo jingine. Bima yangu ilikuwa imeisha saa sita usiku uleule. Nilikuwa nimepanga kuilipia ofisi zikifunguliwa, saa mbili kamili. Hilo nalo lilikuwa kwenye daftari.

Nikapunguza mwendo.

"Mwanangu, taa zako zaona minazi vizuri sana," mama akasema. "Ila barabara siioni."

"Ndiyo nguvu ya balbu mpya, mama."

Lori likatupigia taa, na honi juu yake.

"Na hawa wote wakujua?"

"Wanatuonya tu. Kuna polisi mbele."

"Mbele wapi? Tangu tutoke nyumbani hao polisi hawafikiwi."

Nilijibu kwamba polisi wa siku hizi wanahamahama. Nikaingia kituo cha mafuta pale Bombolulu, nikazima taa, tukasubiri dakika ishirini ili wamalize kazi yao. Tulipotoka, gari la kwanza tulilokutana nalo likatupigia taa. Makupa nikasimama tena, dakika kumi na tano. Baada ya hapo nilitambaa hadi Changamwe kama ninayesindikiza jeneza. Polisi hatukumwona hata mmoja.

Tulifika uwanja wa ndege saa kumi na mbili na dakika mbili. Dirisha la kuandikisha abiria wa ndege ile lilikuwa limefungwa. Binti wa pale alimwambia mama "shikamoo" kwa adabu kubwa, lakini hakulifungua.

Simu ikalia. Ni shemeji. "Mama amepanda?"

Nilipaswa kutaja bima. Badala yake nikasema, "Mama alichelewa na kikapu chake. Alikifungua na kukifunga mpaka muda ukapita."

Mama alikuwa amesimama pembeni yangu. Alisikia kila neno. Akanyoosha mkono, akaichukua simu, akasema taratibu, "Nisamehe, mwanangu."

Nilimkatia tiketi ya ndege iliyofuata. Alipofika chuoni viti vilikuwa vinakusanywa. Mwanawe alikuwa amekaa peke yake getini na joho mwilini katika jua la saa saba, amekataa kulivua kabla mama hajamwona.

Jioni nilimpelekea Kahindi gari. Akalisimamisha mbele ya ukuta, akawasha taa. Ukuta ulibaki giza. Mwanga wote ulikuwa kwenye paa la jirani.

"Injinia," akasema, "hizi ni taa za kutafutia popo. Umeziweka juu chini. Wenzio umewapofusha njia nzima."

Ndipo nikaelewa zile taa zote nilizopigiwa.

Unadhani nilimpigia shemeji siku hiyo? Nilinyamaza miezi minane. Ukoo mzima ukapata utani: kila kukiwa na safari, lazima mmoja aseme, "Mama, kikapu kifungwe leo." Naye hucheka nao. Kicheko hicho ndicho kilichonishinda.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kaloleni, nikampigia shemeji simu, mama na wote wa nyumbani wakisikia, nikasema yote: tupa, bima na uongo. Shemeji alicheka hadi simu ikakatika. Mama hakucheka.

"Kwa hiyo kikapu changu hakikuwa na kosa?"

"Hakikuwa nalo, mama."

"Basi kiombe radhi."

Nikadhani anatania. Akaenda ndani akakileta, akakiweka mbele yangu, wajukuu wakajaa. Mimi, mwenye nywele za mvi, nikakiomba radhi kikapu. Akaniambia nirudie, hakikusikia.

Wewe unayejitilia balbu, jino likigoma, geuza balbu, usichukue tupa. Zijaribu taa mbele ya ukuta, giza likiingia. Dereva wa tatu akikupigia taa, teremka utazame gari lako kwanza. Na mama wa watu usimtwishe kosa lako.

Tiketi ya pili, 7,900. Balbu nyingine, 1,250. Kahindi, mia tatu zake zilezile. Nilitaka kuokoa shilingi mia tatu, nimepoteza 9,450.