Asubuhi Tuliyotoa Springi ya Gari

Mume wangu alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la ngano upande wa Ainabkoi. Mzungu huyo alipohama, alimwachia gari lake kuukuu. Mbele, upande wa kushoto, lilikuwa limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji, maana springi ilikuwa imechoka. Mhindi mwenye gereji mjini akatupatia nyingine iliyotoka kwenye gari bovu, akatuonya kwamba springi iliyobanwa ikichomoka ghafla huua mtu.

Tulianza asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia miti ya miwati nyuma ya nyumba. Sauti zote zilikuwa laini, kama zinatoka ng'ambo ya usingizi. Mume wangu aliweka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, akainua gari, akaliegemeza kwenye magogo, kisha akalitikisa. Halikusogea. Aliondoa gurudumu, akapitisha mnyororo katikati ya springi na kuufunga kwenye fremu. Jeki akaiweka chini ya mkono wa chuma uliokaliwa na springi.

"Wewe ndiye utateremsha jeki," akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe huna haraka, mama. Mimi kazi ikikaribia kuisha, mkono wangu hukimbia. Kaa ubavuni. Usiweke uso mbele ya springi, hata nikikuita."

Alifungua nati, akavuta kando chuma kinachobeba gurudumu. Nikazungusha mpini wa jeki kidogo kidogo. Springi ikaanza kujinyoosha, ikilia polepole, nami nikaona kana kwamba kitu kilicholala miaka mingi kinavuta pumzi. Nilisahau baridi. Nilisahau hata kwamba naogopa.

Ndipo jeki ikadidimia kwenye udongo uliolowa. Mkono wa chuma ulianguka, springi ikaruka, ikapiga mnyororo kwa kishindo kilichonifikia hadi kwenye meno. Gari likatetemeka juu ya magogo.

"Uko wapi?" mume wangu akauliza kutoka upande wa pili. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Niko hapa ubavuni."

Alikaa chini matopeni. Nami nikakaa. Springi ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo, ikizunguka taratibu, na ukungu ukipita katikati ya mizunguko yake. Tuliitazama mpaka ilipotulia.

Tulipoweka ile nyingine, alitandika kwanza ubao mpana chini ya jeki. Akanipa mpini tena, bila kuuliza kama nataka. Nilifurahi kwamba hakuuliza.

Jumapili, baada ya ibada, tulienda Cheptiret. Gari lilipita kwenye mashimo kana kwamba barabara imetandikwa pamba, na ngano ikawa inainama na kuinuka pande zote mbili. Nikafumba macho.

"Umelala?" akauliza.

"Sijalala. Endesha tu."