Mwisho Uliotajwa Ukurasa wa Kwanza

Lori la pamba limepita sasa hivi hapa Bariadi, na harufu yake ya vumbi na mbegu imeniamshia hasira ambayo haijawahi kupoa.

Siku ile, mimi na mama tulikuwa uani tukichambua pamba, nyeupe huku, chafu kule. Dada yangu, aliyekuwa likizo ya kidato cha pili, alikuwa akitusomea riwaya kwa sauti. Sentensi ya kwanza tu ilisema kwamba binti wa kisa hicho aliozeshwa kwa nguvu, na shule ikaishia hapo.

Nilitupa pamba chini. "Mayu, mwambie aache! Mwisho umeshasemwa, sasa tunasikiliza nini?"

Mama hakuinua uso. Dada ndiye aliyejibu, huku akicheka.

"Kilichompata nimeshakijua, mdogo wangu. Nataka kuona nani alijua mapema akanyamaza."

Nilikichukia kitabu kile. Nilimchukia na mwandishi wake, asiyejua kuficha jambo. Sisi tulijua kuficha. Siku mbili nyuma, nilipowapelekea wageni wa baba maji ya kunawa, niliwasikia wakipatana ng'ombe wa mahari ya dada. Mama alinikamata mkono jikoni, akaniambia, "Ukimwambia, utanitambua."

Dada alilamba kidole, akafunua ukurasa wa pili. "Niendelee?" akaniuliza mimi.

Nikamwambia aendelee. Nikaokota pamba yangu, nikachambua, nyeupe huku, chafu kule.